Jino Lisilouma

Fernande Ouellet aling'olewa meno yake yote akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna hata moja lililokuwa bovu. Ilikuwa mwaka 1963, theluji ikiyeyuka, harusi yake na Réjean iko karibu. Usishangae sana. Kwenye vijiji vile vya mlimani juu ya mji wa Rivière-du-Loup, hiyo ilikuwa heshima. Baba alimlipia binti yake meno bandia kama wengine wanavyonunua kitanda na vyombo, ili mume asije akasumbuliwa na gharama za madaktari wa meno maisha yake yote. Dada zake Fernande walipita njia hiyo hiyo, na shangazi zake pia. Mama yake alimpeleka kwa gari la jirani, akaketi nje ya chumba na gazeti lake, na binti akaingia peke yake. Alitoka kashika taulo mdomoni. Kwenye picha ya harusi anatabasamu, na waliohudhuria walisema bibi harusi amependeza kweli kweli. Meno aliyotabasamu nayo yalikuwa yametoka kwenye boksi.

Baada ya hapo aliishi kama watu wanavyoishi. Alipika miaka mingi kwenye jiko la shule ya kijiji, akamzaa Guylaine, akamzika Réjean. Meno yake aliyaosha bafuni, mlango umefungwa kwa ufunguo na bomba liko wazi ili maji yafunike sauti. Mwezi Agosti, kijiji kizima kinapokaa uani kutafuna mahindi ya kuchemsha, yeye alizikata punje kwa kisu na kusema ndivyo anavyopenda. Réjean alilala naye kitanda kimoja karibu miaka arobaini na akafa bila kuuona ufizi wa mkewe. Guylaine alipokuwa mtoto aliwahi kuuliza meno ya mama yameenda wapi, akajibiwa, "Yalioza." Ungemwambia nini mtoto? Kwamba babu yake mpenzi, anayempa peremende kila Jumapili, ndiye aliyelipa yang'olewe mazima?

Kilichobaki ni harufu. Kile chumba kilinukia mafuta ya karafuu, na tangu siku ile karafuu haikuingia jikoni mwa Fernande. Nyama yake ya Krismasi haikuwa na ladha, kila mtu alijua, na kila mtu aliila kwa adabu.

Guylaine alikua akawa dereva wa lori. Alibeba mbao hadi Ontario na hadi Marekani, na mwanaume aliyezaa naye alishajiondokea zamani, kwa hiyo binti yao Andréanne aliishi kwa bibi yake Jumatatu hadi Ijumaa. Mtoto huyo alikuwa mwembamba, mdomo haufungwi, maswali hayaishi. Fernande alimpenda kwa namna ya kutisha. Na alichokipenda kuliko vyote, ingawa asingekubali kusema, ni yale meno. Asubuhi na jioni alisimama nyuma yake mbele ya kioo cha bafuni.

"Na kule nyuma."

"Nimeshapiga mswaki nyuma, Bibi!"

"Piga tena. Mimi sina haraka."

Mambo yalianza shuleni. Kila mwaka hupita mama mmoja wa afya ya meno na taa yake ndogo, akiwachungulia watoto mdomoni. Andréanne alikuwa anaelekea miaka kumi na moja. Wenzake walikuwa na meno ya chonge yanayocheza, wengine yameshadondoka. Yake yalikuwa imara kama misumari. Yule mama akapapasa ufizi wa juu kutafuta uvimbe wa chonge za ukubwani zinazokuja, hakukuta kitu. Akampigia simu Guylaine, na Guylaine akampigia mama yake kutoka barabarani.

"Mama, niko Ontario hadi Ijumaa. Nakuomba umpeleke kwa daktari wa kupanga meno. Ni kuangalia tu."

"Kuangalia, halafu?"

"Halafu tutajua. Mama, tafadhali, usianze."

Fernande hakuanza. Alivaa koti lake la kanisani, akamweka mtoto garini, wakashuka mjini.

Daktari aliitwa Bérubé, mwanamke kijana mwenye viatu vya theluji miguuni na utani mdomoni. Alimzungusha Andréanne kwenye kiti hadi mtoto akacheka. Fernande alisimama karibu na mlango. Karafuu ilikuwepo, kidogo tu, inatoka chumba cha pili, naye akashika kitasa.

"Ungemleta kwangu hata akiwa na miaka saba ningefurahi," daktari alisema.

"Saba? Nusu ya meno bado ya utoto?"

"Ndiyo maana, Bi Ouellet. Wakati ule taya bado linakua, tunaona linakoelekea. Wengi nawaambia warudi nyumbani wakacheze. Lakini yupo anayenyonya kidole mpaka meno ya juu yanatoka nje. Yupo ambaye taya la juu ni jembamba, anauma upande. Yupo mwenye meno yaliyobanana mpaka hapapitiki. Ukiwawahi, kazi ni ndogo. Ukichelewa, unapambana na mfupa uliokwisha kukomaa."

"Na huyu?"

Daktari aliwasha picha ya eksirei ukutani. Mdomo mzima wa Andréanne ulikuwa pale, mweupe juu ya weusi, meno ya nje na meno yaliyojificha. Akaweka kidole juu ya mawili yaliyolala kimshazari ndani ya mfupa.

"Hizi ndizo chonge zake za ukubwani. Jino la ukubwani likija, huwa linayeyusha mzizi wa jino la utoto lililo mbele yake, ndiyo maana la utoto linalegea na kudondoka. Haya mawili yamepotea njia. Yanaelekea kwenye mizizi ya meno ya mbele. Na yatayeyusha kitakachokuwa mbele yao, hayachagui."

"Mbona haumwi?"

"Hataumwa. Hilo ndilo baya lake. Nimeona watoto wamepoteza meno ya mbele na hawakuwahi kulalamika hata siku moja." Akamgeukia mtoto, akapunguza sauti kidogo. "Lakini tumewahi. Tunang'oa zile chonge mbili za utoto, njia inafunguka, mara nyingi hizi zinajinyoosha zenyewe. Waya za meno tutazungumza baadaye."

Maneno yote hayo yalikuwa ya akili, na Fernande alisikia moja tu.

"Mnang'oa. Mazima?"

"Mazima, ndiyo, lakini ni ya utoto."

"Mazima," Fernande alirudia, akamvika mtoto koti lake.

Hofu ikishaingia kwa mtu wa aina yake haipigi kelele, inafanya kazi. Fernande alipanga miadi ya kung'oa, akaitikia kila kitu kwenye simu kwa sauti tamu ya jikoni. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi Machi, jua kali, barabara kavu. Alimtoa Andréanne shuleni kama walivyokubaliana. Kwenye njia panda, badala ya kushuka mjini, akapinda kushoto kuelekea msituni, kwenye kibanda cha shemeji yake wanakochemsha maji matamu ya miti hadi yawe asali nzito.

"Bibi, si tunaenda kwa daktari?"

"Barabara imefungwa na theluji."

Andréanne alitazama nje. Theluji ilikuwa pembeni, imelala, haina habari na mtu. Mtoto si mjinga, lakini mtoto aliyepelekwa kwenye asali hadai maelezo. Shemeji aliwamwagia asali ya moto juu ya theluji safi, ikaganda, wakaizungushia kwenye vijiti. Andréanne alikula mpaka mashavu yakang'aa. Fernande alinyonya kijiti chake polepole, kwa sababu asali ile hung'ang'ania meno bandia na kuyang'oa mahali pake mbele za watu. Alimtazama mtoto akitafuna kwa meno yake mwenyewe, yote, akajiambia amemwokoa.

Kliniki ilipopiga simu alisema barabara ilifungwa. Miadi ya pili, mtoto ana mafua. Mara ya tatu hakupokea. Namba waliyokuwa nayo ilikuwa ya simu ya nyumbani, kwa kuwa mama mtu yuko safarini siku zote. Guylaine alipouliza, mama yake alikuwa anakata vitunguu.

"Wamesema tusubiri."

"Tusubiri? Si walitaka kuyatoa upesi?"

"Sasa mimi ni daktari? Nimekuambia walichosema."

Guylaine akaamini. Mama yake hakuwa na sifa ya uongo. Ila ule mmoja wa meno yaliyooza, nao hakuujua bado.

Kuanzia hapo nyumba ile ilikaa na hofu kama inavyokaa na mpangaji. Kila asubuhi Fernande alimshika Andréanne kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Panauma?"

"Hapaumi, Bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Bibi, jana uliniuliza. Na juzi."

Kila jibu lilimpa nafuu ya muda wa kunywa chai, kisha yale maneno ya daktari yanarudi: hataumwa, hilo ndilo baya lake. Angeweza kupiga simu. Alisimama mbele ya ile simu mara nyingi kuliko angependa kukiri. Kila mara aliuona ule mlango, aliisikia ile karafuu, akarudi jikoni. Na kwa kuwa hofu ikimjaa mtu humwagika, siku moja Andréanne alipouliza kwa nini hawaendi tena, Fernande alijibu kwa ukali ambao hakuukusudia.

"Daktari wa meno akianza na moja, haachi mpaka mdomo ubaki mtupu. Ndivyo unavyotaka?"

Mtoto aliacha kutafuna. "Wewe ndivyo walivyokufanya?"

"Kula chakula chako."

Andréanne hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile akawa anapiga mswaki mwenyewe bila kuambiwa, kwa nguvu, huku anajitazama kwenye kioo kama anayelinda kitu kisiibiwe. Fernande aliona, na badala ya kuingiwa na wasiwasi, moyoni alifurahi. Ndivyo mtu anavyoweza kujidanganya.

Majani ya Oktoba yalishaanguka Andréanne alipokuja jikoni, mswaki bado mkononi, povu kidevuni.

"Bibi. Hili linacheza."

"La utoto hilo. Wakati wake umefika."

"Si la utoto. Hili hapa."

Akaonyesha jino la mbele la pembeni, upande wa kushoto, lile lililoota akiwa na miaka minane. Fernande alifuta mkono kwenye aproni na kuligusa kwa ncha ya kidole. Lilisogea. Lilisogea kwa ulaini, bila damu, bila mtoto kukunja uso. Baada ya jino lile halioti lingine.

"Panauma?" aliuliza, sauti yake yeye mwenyewe hakuitambua.

"Hapaumi," Andréanne alisema, na safari hii alianza kulia.

Fernande alipiga simu kliniki palepale. Alisema jina lake, akasema jino linacheza, wakamwambia aje sasa hivi. Aliendesha akiwa na aproni chini ya koti. Kiti cha nyuma mtoto alikaa kafumba mdomo kwa viganja viwili, na kila Fernande alipomtazama kwenye kioo aliyaona yale macho juu ya vidole, yakimtazama yeye.

Dokta Bérubé hakutania. Alipiga picha mpya, akaiweka karibu na ile ya zamani, na hata mpishi wa shule aliweza kuisoma. Chonge ya kulia ilikuwa imesogea kidogo. Ya kushoto ilikuwa imelala juu ya mzizi wa jino la jirani, na pale palipokuwa na mzizi mrefu mwezi Machi palibaki kipande.

"Bi Ouellet, faili linasema barabara ilifungwa. Halafu mafua. Halafu hatukukupata tena."

"Barabara haikufungwa," Fernande alisema. "Nilimpeleka kula asali."

Daktari alimtazama.

"Hakuwa na mafua. Na mama yake nilimwambia ninyi ndio mliosema tusubiri. Ni mimi. Yote ni mimi."

Ilimtoka kwa pumzi moja. Angefokewa angeona afadhali. Daktari akasema kwa upole ulioumiza zaidi, "La kulia tunaliwahi bado. La kushoto hili haliwezi kubaki. Chonge italetwa hapo polepole, kwa waya, kazi ya miaka. Leo yanatoka matatu, hili na zile chonge mbili za utoto. Lakini lazima nisikie kwa mama yake."

Fernande ndiye aliyebonyeza namba. Guylaine alipokea, injini ya lori ikinguruma nyuma ya sauti yake.

"Mama? Kuna nini?"

"Jino la mbele la mtoto limekufa mzizi. Tuko kwa daktari."

"Si walisema tusubiri?"

"Mimi ndiye niliyesema walisema."

"Walisema?"

"Hapana."

Injini ilizimwa. Magari mengine yakasikika yakipita kwa mbali.

"Mpe daktari simu," Guylaine alisema. Kisha, "Mama. Usiondoke hapo. Mimi na wewe tutaongea."

Kibali kikatolewa. Likabaki jambo moja, na jambo hilo lilikuwa kwenye kiti, magoti kifuani, meno yameumana. Andréanne hakufungua mdomo. Daktari alimbembeleza. Msaidizi akamwonyesha vifaa kimoja kimoja. Mng'oaji, bwana mmoja wa chumba cha pili mwenye mikono mikubwa, alikuja akapiga mzaha wake, akaona haukupokelewa, akarudi nyuma. Mtoto alitikisa kichwa tu, na alipozungumza ilikuwa kupitia meno yaliyofungwa.

"Mtayang'oa yote. Bibi alisema. Mkianza hamuachi."

Watu wazima wote mle ndani wakamgeukia Fernande. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Hakumficha mtoto na kile chumba. Alikuwa amemwingiza ndani yake siku nyingi, peke yake, kama yeye mwenyewe alivyoingizwa.

Alivua koti. Akasogea mpaka kwenye kiti, chini ya ile taa kali isiyoficha kitu, na mbele ya daktari, msaidizi na mng'oaji, akaingiza vidole mdomoni na kuyatoa meno yake, ya juu kisha ya chini. Mashavu yakabonyea. Midomo ikaingia ndani. Sura iliyobaki ilikuwa ya ajuza ambaye Andréanne hakuwahi kumwona, na mtoto akarudi nyuma kwa hofu. Fernande alitamani kujifunika. Hakujifunika.

"Tazama," alisema, na maneno yalivuja upepo. "Tazama vizuri. Hivi ndivyo yanavyoonekana yote yakitoka."

Andréanne alitazama.

"Yalikuwa mabovu?"

"Mazima. Kama yako."

"Sasa kwa nini?"

"Walipenda tu. Hawa hapa hawapendi, wanalazimika. Na mimi ndiye niliyewalazimisha. Wakitoa matatu, mengine unabaki nayo. Tusipowaruhusu, litafuata la upande wa pili. Nimekudanganya, mwanangu. Uliniuliza, nami sikukujibu."

"Iliuma?"

"Sana."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Mama alikaa nje."

Andréanne aliitazama sura ile, akaitazama mikono ya mng'oaji, akarudi kwenye ile sura.

"Wewe usitoke."

"Sitoki."

Mtoto akafungua mdomo.

Sindano ya ganzi ilimtoa machozi. Zile chonge mbili za utoto ziligoma, mizizi yake ilikuwa mirefu kama vile zilinuia kukaa maisha, na bwana yule alijikaza hadi kwapa zikalowa. Andréanne alibana mkono wa bibi yake mpaka pete ya ndoa ikamchimba nyama. Karafuu ilikuwa kila mahali. Fernande alipumua ndani yake, mdomo mtupu, na hakuangalia pembeni.

La tatu halikuhitaji nguvu. Koleo zililigusa likaja, kama tunda lililokwisha kuachia tawi. Mng'oaji alitaka kuliweka kwenye bakuli pamoja na mengine, lakini Fernande akakinga kiganja, naye akampa. Lilikuwa jeupe, halina tundu wala doa, limepigwa mswaki asubuhi na jioni mbele ya macho yake. Aliligeuza upande wa chini. Pale palipotakiwa kuwa na mzizi hapakuwa na kitu, na Fernande akajua kwamba hili ameling'oa yeye.